Pak Tukiran na Harusi ya Bwawani

Tarehe 1 Novemba, Pak Tukiran Hadisuwito, Msimamizi wa Kumbi katika Majengo ya Michezo ya Jiji la Sendangwangi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi.

Aliajiriwa kufunga nyavu na kusafisha bwawa. Sakafu ya ukumbi mkuu ina mistari ya michezo minne, kila mchezo na rangi yake, na yote aliichora yeye kwa mkono. Ndiyo maana wachezaji wakibishana kama mpira umetoka, humtazama yeye kabla ya refa. Mafuriko yalipoingia mitaa ya chini, aliigawa sakafu hiyohiyo kwa familia mia moja na kumi, na hakuna iliyogombania nafasi.

Akina mama wa mazoezi ya saa kumi na mbili asubuhi humwachia funguo zote za pikipiki zao, naye humrudishia kila mmoja wake bila kuuliza jina.

"Pak, kumbukumbu hiyo ungeitumia kwa siku ya kuzaliwa ya mkeo!" humtania.

"Mke wangu haegeshi pikipiki hapa," huwajibu.

Lakini hatuwezi kuiruka harusi ya Agosti mwaka jana. Familia ya mama mwenye harusi, Bu Lasmini, ilikuwa imeomba ukumbi mkuu kwa Jumapili ya Legi, yaani iliyoangukia Legi katika juma la Kijava la siku tano, siku ambayo wazee wao waliihesabu kutokana na siku walizozaliwa maharusi. Karani aliyepokea ombi hakukulia Java. Alisoma vibaya majina madogo ya siku za Kijava chini ya tarehe za kalenda, akaandika Jumapili iliyofuata. Jumapili ya Legi yenyewe akawapa watoto wa mpira wa vinyoya, waliokuwa wakichujwa kuliwakilisha jiji. Kosa liligunduliwa Alhamisi, Bu Lasmini alipokuja kupima jukwaa akakuta nyavu nane zimeshafungwa.

"Harusi siisogezi hata saa moja!" alifoka. "Mnataka wanangu waachane kabla wali haujaiva?"

Pak Tukiran alimpa kiti na chai tamu. "Siku hatuigusi, Bu. Tunahamisha jukwaa tu."

Alilifunga bwawa kwa siku moja, akalifunika la watoto kwa mbao, na maharusi wakaketi nyuma ya vibao vya kurukia. Mjomba wa bwana harusi alirudi nyuma apige picha, akatumbukia na batiki yake. Alitolewa bado ameinua simu juu. Mchana maharusi walivuka uani hadi ukumbini na mavazi yao kamili, wakaishangilia fainali ya wasichana.

Jumatatu klabu ya waogeleaji ililalamika. Mkurugenzi alipouliza nani aliyekosea, Pak Tukiran alisema, "Kalenda iko chini yangu, Pak." Akapewa barua ya onyo, na kwa sababu ya onyo hilo jina lake likaondolewa katika orodha ya nishani ya utumishi mrefu. Karani alikuwa bado kwenye majaribio. Onyo moja lingemtoa kazini.

Karani huyo ni mimi, Yani. Nilinyamaza miezi kumi na minne. Wiki iliyopita nilimpelekea Mkurugenzi ukurasa wa kalenda ya ukumbi wenye mwandiko wangu, nikaomba onyo lihamie kwenye faili langu. Jumatano lilihamishwa. Kupandishwa kwangu daraja kumesogezwa mwaka mmoja, na jina la Pak Tukiran limerudi kwenye orodha.

Alipopata habari alikuja mezani kwangu amekunja uso. "Mbak Yani, zilibaki siku tisa tu! Onyo langu lingestaafu pamoja nami. Hilo lako utakaa nalo."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Pak, asante kwa kusimama mbele yangu nilipoogopa. Siku ya kukuaga utavishwa nishani yako katika ukumbi mkuu, na watu wako wote watakuwepo. Wewe na Bu Tukiran, tunawaombea afya njema na asubuhi nyingi za kuamka mnapotaka wenyewe.

Nurhayani Lubis
Karani wa Kumbi