Mlinzi wa Mtaro wa Juu

Wapendwa mliofika kutusindikiza, kabla sijasoma maisha ya kaka yangu, naomba mbele za Mungu na mbele yenu nikiri kosa, kwamba mwezi Machi mwaka 1998, mimi mdogo wake, kwa uvivu tu wa kuzunguka, nilijaza mawe kwenye mtaro alioutunza yeye pale juu ya mgodi, nipate kivuko cha toroli langu la matofali, akaniambia niyatoe, nikamjibu, "Kesho, kaka," mvua ikaniwahi. Nitafika hapo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1959, mtoto wa pili wa fundi viatu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili chini ya mlima. Alianza shule ya msingi mwaka 1967, akamaliza darasa la saba mwaka 1973, hakuchaguliwa kuendelea, akajifunza uashi kwa mjomba, ambaye alimsifu mkono na kulalamikia mdomo, maana ukimsalimia asubuhi jibu lilikuja mchana.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa mgodini, upande wa maji. Kwa msioijua kazi hiyo, mlima ule ukinyeshewa una maji ya namna mbili, yale safi yanayoteremka kutoka msituni, ambayo mtaro wa juu huyapitisha pembeni yasiliguse rundo la mawe yaliyochimbwa, na yale yanayopenya ndani ya rundo, yakavujia chini yakiwa mekundu na machachu, ambayo hukusanywa bwawani na kutiwa chokaa kabla ya kuachiliwa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hayo mawili hayakutani, kwa sababu bwawa likifurika, linaingia kwenye kijito chetu, ambacho wote tuliokaa hapa tumekinywa.

Alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1985, bibi harusi akimsubiri kanisani hadi saa sita, kwa kuwa asubuhi ile kalavati la mtaro liliziba, akaingia na suti yenye matope magotini, shangazi akauliza kwa sauti, "Huyu ni bwana harusi au ameletwa kuzibua choo?" na shemeji yangu, huyu mliyekuja kumpa pole, akajibu, "Huyohuyo, shangazi, mlete haraka kabla wingu jingine halijamwita." Mungu akawajalia wana watatu, na kitinda mimba wa kike.

Sasa ile mvua ya 1998. Maji yalifika kwenye kivuko changu, yakakosa njia, yakaruka ukingo na kuingia kwenye rundo, bwawa likafurika, samaki wakaelea kijitoni, na hadi Mei majirani walikuwa wakipanga foleni ya maji ya gari. Msimamizi alipouliza nani kaweka mawe, marehemu alisema mtaro ni wake, aulizwe yeye, akavuliwa unyapara, mimi nikanyamaza, na Jumapili ile nikakaa mezani kwake nikala, naye akaniambia tu, "Ongeza mchuzi, halafu twende tukatoe mawe yako." Hakunikumbusha tena mpaka anakufa.

Nisimfanye malaika, alikuwa mkali, na sikumbuki ibada aliyokaa hadi mwisho wingu likiwa limetanda, mchungaji ni shahidi. Alistaafu mwaka 2019, nafasi yake ikachukuliwa na yule binti yake, kitinda mimba, aliyekuwa amefanya kazi chini yake miaka miwili.

Mwaka 2022 moyo ulianza kuchoka, miguu ikavimba, akamwambia daktari, "Usihangaike na pale maji yanapotokea, mwanangu, tafuta pale yanapoingilia," daktari akacheka, akatafuta, akatuongezea mwaka mzima. Alilazwa tena mwisho wa Oktoba 2023. Ijumaa tarehe 3 Novemba alimuuliza binti yake kama mtaro umeshasafishwa, binti akasema bado, akamwambia, "Basi umekaa hapa unaniangalia nini?" Binti akapanda mlimani, na baba akakata roho mchana ule. Nimesikia minong'ono kwamba binti hakuwepo. Alitumwa, ndugu zangu, nami nilikuwepo akitumwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta viti na maturubai, na wenzake wa upande wa maji mgodini mliolibeba jeneza hili kwenye kilima chenye utelezi bila kuliyumbisha. Kaka, umefanya kazi yako, Bwana akupumzishe mahali pakavu.

Simu ya msiba ilimkuta binti akiwa nusu ya mtaro, akashuka, na nusu ya pili bado imejaa udongo na matawi, na mvua mnaiona ilivyokaribia. Anapanda Jumatatu asubuhi, peke yake. Mwenye koleo, naomba apande naye.