Keki ya Mke wa Mwanangu

Basi zima lilinukia keki. Mwenye keki alikuwa fundi cherehani, maana alisahau kuvua utepe wa kupimia shingoni, na sufuria ameipakata kama mjukuu. Muuguzi aliyekaa naye, bado na sare ya kazi, akashindwa kuvumilia. "Shoga, umeoka mwenyewe?"

"Mke wa mwanangu. Leo ukoo mzima tunakula bustanini, na siku zote keki huwa yangu, niliyofundishwa na mama. Safari hii yeye kapunguza sukari, katia maganda ya chungwa. Nilinuna! Nikaonja kipande huku nimenuna, nikaomba cha pili."

"Ningekuwa mimi, tungekosana. Keki ya mama haiguswi."

"Mama naye aliigusa ya bibi, dada."

"Na kesho akitoa siagi, utamwambia nini?"

"Nitamwambia anikatie kipande."

Mimi niliyekaa nyuma yao nilicheka, nikajifanya nakohoa. Muuguzi hakucheka hata kidogo. "Watu watausahau mkono wako, nakwambia."

Fundi akakinyoosha kitambaa kilichofunika sufuria. "Alipoolewa kwetu hata kuvunja yai hajui. Leo kanipita. Sasa hapo nimepoteza nini?"

"Umepoteza keki ya mama yako," muuguzi akajibu, na ukweli nami nilisita niwe upande gani.

Basi likasimama penye bustani. Mwanamke kijana akaja mbio mlangoni kumpokea mkwewe mzigo. Fundi akaukwepesha.

"Niache, mwanangu. Nataka kuingia nayo mimi, nikiulizwa nani kaoka, nikutaje."