Aliyeunyoosha Mto

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, mimi ni kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Katapila hata mkasahau jina alilopewa na wazazi wake, na nitayasoma kama alivyoagiza mwenyewe, bila kuyapaka rangi.

Baba alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkulima wa mboga, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya mto, akivuka kwa miguu wakati wa kiangazi na kubaki nyumbani maji yakijaa, kisha mwaka 1969 akaingia karakana ya ujenzi kama muosha mitambo, akatoka humo akiwa dereva ambaye msimamizi wake alisema angeweza kukuchana nywele kwa katapila na usiumie.

Tarehe 2 Agosti 1975 alimuoa mama yetu, wakajaliwa watoto wanne, na kwa ndoa hiyo akapata shemeji, kaka yake mama, mjomba wetu huyu aliyekaa hapa mbele, ambaye wakati huo alikuwa mvuvi.

Mwaka 1984 kampuni iliyotaka kujenga maghala bondeni ilimpa baba kazi ya kuunyoosha mto, naye akakata kona zake zote, akang'oa matete na miti ya ukingoni, akazoa mchanga, hadi akafika kwenye dimbwi ambako mjomba alikuwa amesimama mbele ya mtambo.

"Shemeji, hapa ndipo samaki wanapotaga," mjomba alimwambia.

"Samaki wana akili, watahama," baba akamjibu, injini ikinguruma. "Sogea, nisije nikakuumiza."

Mjomba akasogea, lakini samaki hawakuhama, walikufa. Maji yaliyozoea kutembea yakaanza kukimbia, yakala kingo, yakashuka na tope na mbolea ya mashambani, visima vya jirani vikakauka, vyura wakanyamaza, mjomba akauza mtumbwi wake na kwenda kubeba magunia kwenye maghala hayo hayo, na baba akapandishwa cheo, cheo kilichotusomesha sisi wanne, kwa hiyo sina namna ya kusoma sehemu hii kana kwamba hainihusu.

Jioni moja mezani mama alimwambia, "Umeunyoosha mto, na kaka yangu ukamnyoosha," na tangu siku hiyo baba hakutia samaki mdomoni.

Alipostaafu mwaka 2008 alikwenda ofisini kwa kampuni kuomba mto urudishiwe kona zake, akaambiwa, "Mzee, nenda kapumzike," akarudi nyumbani, akachukua toroli, akaanza kupanga mawe na kupanda matete kwa mikono yake, mafuriko yakayazoa, akapanda tena, vijana wakacheka kwamba Katapila amegeuka bata, na sisi wanawe tulimwambia aache kutuaibisha, jambo ambalo leo linatuuma kuliko msiba wenyewe. Matete yalishika, kereng'ende wakarudi, ila samaki hawakurudi mpaka anafumba macho.

Mwaka jana mapafu yalianza kumsumbua, mwaka huu akalazwa, akamwita mjomba na kumuomba msamaha mbele yetu, naye mjomba akasema, "La kwangu nimekusamehe, shemeji. La mto siwezi, si mali yangu."

"Ndivyo ilivyo," baba akasema, akageukia ukutani, na alfajiri ya tarehe 14 Juni akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliotupikia na kutuazima viti, madereva wenzake mlioleta turubai hili, na zaidi mjomba, aliyekuwa na kila sababu ya kubaki kwake, lakini akamshika mkono mpaka pumzi ya mwisho.

Pumzika kwa amani, baba, nasi tuliokula jasho lako tusipumzike kwanza.