Bi Cherehani, Aliyeshinda Kesi Asionyeshwe Kaburi

Ndugu waombolezaji, viongozi wetu wa dini, majirani, na nyinyi wageni wa viti vya mbele, dada yetu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimwita Bi Cherehani, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa pili wa mwashi na mkulima wa mboga. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akamaliza mwaka 1965, kisha akafundishwa ushonaji na shangazi yake, na tangu mwaka 1970 alishona sare za shule kwenye baraza ya nyumba hii, akiwapima watoto huku akiwatania kwamba wapunguze kula, kitambaa hakitatosha.

Alifunga ndoa tarehe 12 Juni 1976 na dereva wa lori, aliyemtangulia mwaka 1998, na Mungu aliwajalia binti, ambaye ni mkunga, na mtoto wa kiume, fundi redio. Huyo wa kiume alichukuliwa na askari tarehe 9 Septemba 2003, baada ya kuwaongoza wenzake kukataa kuvunjiwa vibanda, na hakuonekana tena.

Tangu hapo dada alikuwa na ombi moja tu, aonyeshwe mwanawe, awe hai au awe kaburini. Shirika la haki za binadamu lilimpokea, likamzungusha hoteli hadi hoteli akasimulie kwenye semina, mpaka mpiga picha wao akamwambia, "Mama, rudia pale ulipolia, betri ilikata," naye akamjibu, "Mwanangu, machozi si bomba," akachukua mkoba wake akarudi kwenye sare. Lakini tuseme kweli mbele za Mungu, wakili wao, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kazi, alipigana kwa moyo wote, na tarehe 17 Mei 2012 mahakama iliiamuru serikali imwonyeshe mama huyu mwanawe, au kaburi lake. Jioni ile dada alishona shati jeupe, la kumvalisha akiwa hai, au la kumzikia.

Sikilizeni kilichofuata. Mjumbe wa serikali aliisoma hukumu ile ng'ambo, mbele ya mataifa, iwe ushahidi kwamba haki inaheshimiwa nchini, akapigiwa makofi, shirika nalo likaiweka katika taarifa yake ya mwaka miongoni mwa kesi zilizofanikiwa, likafunga jalada, wakili akahamishiwa mradi mwingine, na dada kila alipokwenda kwenye wizara inayosimamia askari kudai amri itekelezwe aliambiwa, mama, wewe si ulishinda, unataka nini tena.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, na alfajiri ya tarehe 2 Februari mwaka huu akafariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake, baada ya kuuliza kama kuna mtu amekuja kutoka wizarani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, mafundi wenzake wa barazani, na wakili, aliyekuja leo bila kutumwa na mtu. Wageni wa wizara na wa shirika, mashada yenu tumeyapokea, ila mabango yenye uso wake tunaomba myakunje, amekwisha kusimulia vya kutosha. Upande wa kulia wa kaburi lake tumeacha nafasi ya mtu mmoja, na shati bado liko kwenye msumari juu ya cherehani, nanyi mnajua alipo wa kulivaa.

Dada, pumzika kwa amani, kudai tutadai sisi.