Bwana Alinirudisha Kwenye Karai la Mboga

Ndugu zangu, Bwana asifiwe! Asifiwe tena na kila aliyetoka kazini leo akiwa mzima!

Naitwa Nekesa, nyumbani ni Bungoma. Nawasalimu katika jina la Yesu, aliyenitoa kwenye kifungo ambacho hakuna daktari aliyekiona.

Wengi mnajua napika katika hoteli ya Wachina kule Al Mansoura. Nilipofika Doha nilidhani Mchina hula nyama tupu. Kumbe wale watu wanapenda mboga kama sisi! Mchicha wanaukaanga na kitunguu saumu. Matembele wanakula. Kuna kabichi ndogo zenye shina nene jeupe, kuna tofu ya soya inayopikwa na uyoga hadi unasahau kuku. Mpishi mkuu, mama wa Kichina tunayemwita Mama Liu, alinikabidhi karai la mboga. Nikalipenda, ndugu zangu! Moto mkali, mafuta kidogo, majani yanageuzwa mara chache tu na yanatoka kijani kibichi, yanang'aa.

Basi mchana mmoja mwenzangu, kwa haraka, akamwaga kwenye karai langu majani yaliyokuwa bado yanachuruzika maji. Mafuta yakaruka, moto ukapanda. Niliungua mkono huu kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko. Hospitalini walinitunza vizuri, na ngozi ikapona.

Lakini woga haukupona! Niliporudi kazini, nikisikia tu gesi ikiwashwa, naacha kila kitu. Nilikuwa nakimbilia chumba cha baridi, nasimama katikati ya makreti ya mboga nikilia. Hata chumbani kwetu, chai alinipikia Prossy, dada yangu wa Uganda ninayeishi naye. Mama yangu akipiga simu kutoka nyumbani namwambia niko sawa. Sikuwa sawa, wapendwa!

Wakaniweka kuosha majani. Kisha bosi akaniita.

"Nekesa, nilikuleta kama mpishi. Mwezi ukiisha kama hujarudi kwenye moto, nitakukatia tiketi ya kurudi kwenu."

Ndugu zangu, nina watoto wawili wanaosomeshwa na huu mkono! Prossy akanileta hapa kanisani Ijumaa, mkaniombea. Niseme ukweli: Jumamosi nilirudi kazini nikitetemeka vilevile. Nikaingia chumba cha baridi, nikaomba kwa sauti. Nikageuka, Mama Liu yuko mlangoni.

"Unaongea na nani?" akaniuliza, kwa kile Kiingereza chetu cha kuokoteza.

"Na Mungu wangu, Mama."

Akasema, "Basi mwambie tunahitaji mchicha."

Nilicheka! Tangu niungue sikuwa nimecheka. Akanishika mkono, tukaenda jikoni. Hakuweka mafuta. Aliweka maji kwenye karai, moto mdogo, akasema, "Leo maji tu." Nikatumbukiza mchicha, nikautoa, nikarudi nyuma haraka. Kesho yake maji tena. Siku nyingine tone la mafuta, yeye akiwa amesimama begani pangu. Mama huyu hasali kanisani kwetu, lakini nawaambia, Bwana alimtuma! Mimi nilitaka muujiza wa kushuka mara moja. Bwana akanipa mtu wa kusimama nami.

Ikafika siku wakaja wageni wengi, meza mbili, wote hawali nyama. Mpishi mwenzetu alikuwa mgonjwa, na Mama Liu mikono yote miwili iko kwenye tambi. Akanitazama.

"Nekesa, mboga. Moto mkubwa."

 Nikakung'uta majani, nikayapangusa kwa kitambaa hadi yakakauka. Nikasema, "Yesu, shika mkono huu." Nikafungua gesi. Moto ukanguruma, ukapanda hadi ukingoni mwa karai, na mimi nikabaki nimesimama! Saumu, tangawizi, majani, nikarusha, nikageuza, nikapakua. Haleluya! Nikapika sahani ya pili, na ya tatu, hadi meza zote zikala!

Mama Liu akaonja. "Chumvi imezidi kidogo," akasema. Kisha akanifuta machozi kwa aproni yake.

Bosi hakutaja tiketi tena. Leo karai la mboga ni langu, na woga nilioishi nao umeondoka. Namshukuru Mungu, namshukuru Prossy, nawashukuru ninyi mlioniombea hata nilipoonekana sijabadilika.

Sasa nasema na wewe. Labda wewe ni dereva, na tangu ile ajali hujashika usukani. Labda unafanya kazi kwenye nyumba ya watu kule Al Wukair na umeacha kulala kwa hofu. Usijifiche na shida yako. Mwamini Bwana, na umwambie hata mtu mmoja. Njoo hapa mbele sasa hivi, hata kama unatetemeka. Hutasimama peke yako. Mimi nashuka tusimame pamoja.