Sabuni za Meya

Lori la pamba lilitoka Bunda kwenda Musoma. Juu ya magunia, Ursula alikaa nyuma ya wanaume wawili wasiojuana, ambao tayari walikuwa wanagombana kuhusu meya. Meya alikuwa anaomba tena udiwani, maana bila udiwani umeya hauji.

"Yule mzee katoka mbali," alisema mwenye kofia. "Alikuwaga na kaduka kamoja tu."

"Kaduka!" alifoka mwenzake, mvuvi aliyenuka sato mpaka pamba ikakoma. "Themanini na tatu, wahujumu uchumi wakisakwa, si alizamisha katoni za sabuni ziwani? Kesho yake akapanda jukwaani kutufundisha uadilifu!"

"Nani alimwona?"

Ursula alitazama mashamba. Mwaka ule yeye na wenzake waliingia majini hadi kiunoni, wakaopoa miche ile ya sabuni kwa kanga, na mwanawe wa kwanza akaogeshwa nayo mpaka akaanza kutembea. Shahidi alikuwepo, ila hakuna aliyemuuliza.

"Leo biashara ni ruksa," alisema mwenye kofia. "Hata wewe ungekuwa naye ungemsifu."

"Mimi? Simpi hata salamu!"

Lori likasimama Bweri. Kando ya barabara wapambe wa meya walikuwa wanagawa sabuni kwa kila aliyeshangilia. Mvuvi ndiye aliyeruka wa kwanza, akipiga makofi kabla miguu haijagusa chini.

Ursula alishuka taratibu, akanyoosha mkono.

"Makofi kwanza, mama," mpambe alimwambia.

"Baba," Ursula alimjibu, "ile ya ziwani tuliokota bila makofi."