Barua ya Krismasi ya Mwalimu Gladys

Baba Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu wa ukoo wa Mtui na wa Lyimo, walimu wenzake na marehemu, majirani, na ninyi wageni wetu wa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Nuru ya Mlima mliokaa kwenye viti vya mbele, Bwana Yesu asifiwe, na wazee wangu shikamooni. Mimi ni Filemon Ebenezeri Mtui, mdogo wake marehemu, na wengi mnanifahamu pia kama Msajili Msaidizi wa Chuo hicho hicho, kwa hiyo leo niko pande mbili, ukoo umeniomba nisome yote, na Chuo kimenipigia simu jana asubuhi kuniomba niwe mfupi. Nitasoma yote. Msalaba ule pale umeandikwa jina na tarehe, na chini ya jina pameachwa mstari mtupu, fundi Antoni amekaa na brashi yake akisubiri kuambiwa aandike nini, maana dada yangu alihangaika miaka mingi akitafuta shahada ya kuandikwa pale, na kwa nini hakuipata mtasikia kabla hatujaenda kaburini.

Marehemu Mwalimu Gladys Ebenezeri Mtui alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 hapa hapa Samanga, Marangu, katika kihamba hiki, shamba la ukoo wetu, tunamomzika leo, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa marehemu Mzee Ebenezeri Mtui, mkulima wa kahawa, na marehemu mama yetu Ndeshukurwa. Alianza darasa la kwanza mwaka 1960, akamaliza kidato cha nne mwaka 1970, akafaulu vizuri na kuchaguliwa kuendelea na kidato cha tano, lakini baba alifariki tarehe 2 Januari 1971, mama akabaki na watoto wadogo watatu na migomba, ndipo dada akaikunja barua yake ya kuchaguliwa, akaiweka ndani ya Biblia, akaenda chuo cha ualimu ili miaka miwili baadaye awe na mshahara. Mshahara huo ndio ulionisomesha mimi mpaka nikapata shahada, naomba mlikumbuke hilo nikiendelea.

Alianza kazi Januari 1973 katika shule ya msingi huko Sanya Juu, mwaka 1981 akahamishiwa Tarakea, ambako siku za gulio darasa lilibaki nusu kwa sababu watoto walikuwa wamevuka mpaka wa Kenya na mizigo kichwani, naye hakukaa ofisini kulalamika, aliwafuata sokoni na daftari la mahudhurio kwapani, akiita jina baada ya jina katikati ya magunia ya maharage, mpaka wafanyabiashara wakambandika jina la Mama Rejista. Mwaka 1989 alirudi Marangu, akawa Mwalimu Mkuu mpaka ugonjwa ulipomshinda. Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1976 na marehemu Hosea Lyimo, kiongozi wa wapanda mlima, mtu mpole aliyejua kucheka, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lucky aliyezaliwa mwaka 1979 na Violet aliyezaliwa mwaka 1983, wote wapo hapa mbele yenu.

Sasa mnivumilie, maana hapa ndipo nilipoombwa niruke. Vyuo binafsi viliporuhusiwa, Chuo chetu kilitangaza shahada ya elimu kwa walimu walio kazini, ya kusoma wakati wa likizo, na dada, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, akafanya mtihani wa kuingilia kwa watu wazima, akafaulu, akasajiliwa tarehe 7 Septemba 1998, akanunua prospektasi, kitabu cha masomo na kanuni za Chuo, akaifunika kwa gazeti kama mtoto wa darasa la tatu na kitabu kipya. Aliisoma prospektasi ile kuliko sisi tulioiandika. Alijua kwamba ibada ya Jumatano ina kadi ya kugongwa muhuri na kadi isiyojaa inamzuia mtu mtihani, alizijaza zote, alijua kwamba mtaala ulipobadilishwa mwaka 2000 masomo mawili aliyokwisha kuyafaulu yalipewa namba mpya na ikabidi ayarudie, mwalimu yule yule, madaftari yale yale, akayarudia bila neno. Na alijua kanuni ya kumi na saba, ambayo naijua kwa moyo na nitakufa nayo, kwamba mwanafunzi atakamilisha shahada ndani ya miaka saba tangu kusajiliwa, isipokuwa muda wa kuahirisha masomo ulioombwa kwa barua na kuidhinishwa hautahesabiwa.

Mwezi Novemba 2001 shemeji Hosea alipooza upande mmoja. Dada akaandika barua ya kuahirisha masomo kwa miaka miwili, ya tarehe 20 Desemba 2001, na badala ya kuipeleka masjala ikagongwe muhuri wa kupokelewa, aliningoja Krismasi, maana mnajua wenyewe Mchagga popote alipo Krismasi atapanda nyumbani, na kwa nini ateremke mjini kupanga foleni wakati mdogo wake ndiye mwenye hiyo ofisi. Alinipa mkononi tukiwa pale kwenye ua, watu wakigawana nyama ya mbuzi, nikamwambia dada usihofu, hilo ni langu, nikaitia mfuko wa ndani wa koti hili nililovaa, ambalo nalivaa Krismasi kwa Krismasi. Nikanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, nikarudi mjini, nikalitundika koti kabatini, nikasahau. Jamani, nilisahau, sina neno zuri zaidi ya hilo.

Krismasi ya mwaka 2002 nikatia mkono mfukoni nikaikuta. Siku ile ilikuwa bado inatibika, ningeipeleka na kusema kosa ni langu, lakini nilikuwa nimepandishwa cheo miezi mitano tu nyuma, nikaogopa kuonekana mzembe, nikairudisha mfukoni, nikajiambia hakuna atakayehesabu. Shemeji alifariki tarehe 10 Agosti 2003 mikononi mwa dada, Januari 2004 dada akarudi darasani, akapokelewa vizuri, akaandika tasnifu yake juu ya utoro wa wanafunzi siku za gulio kule Tarakea, kazi ambayo profesa wake alisema ingechapishwa, akaikabidhi nakala tatu zilizojalidiwa tarehe 28 Novemba 2005.

Wakahesabu. Seneti ilikaa tarehe 15 Machi 2006, ikaona miaka saba ilikwisha Septemba, ikaona jalada halina barua ya kuahirisha, ikamwondoa masomoni, kitu ambacho vijana wetu hukiita kudisko, mwanamke wa miaka hamsini na minne, Mwalimu Mkuu, amedisko. Katika kikao kile kile, ajenda iliyofuata, mtoto wa mkubwa mmoja aliongezewa mwaka wa tisa kwa sababu maalumu ambazo hazikuandikwa, na najua hazikuandikwa kwa sababu mwandishi wa kikao nilikuwa mimi. Barua ya kumwondoa dada, ya tarehe 20 Machi 2006, imesainiwa kwa niaba ya Msajili. Saini ni hii yangu.

Alikata rufaa mwezi Aprili. Alisimama mbele ya kamati amevaa kitenge chake cha kanisani, akasema barua aliikabidhi kwa wakati, mwenyekiti akamuuliza aliikabidhi kwa nani, na dada yangu, aliyewafundisha watoto maelfu kusema kweli, alinitazama mimi niliyekuwa nimeinamia karatasi, halafu akasema hakumbuki. Nikaandika katika muhtasari kwamba mwombaji ameshindwa kutaja. Niliandika hivyo kwa mkono huu aliousomesha yeye, na jioni ile ile nilipopita hapa alinipakulia mtori, akaniuliza habari za watoto.

Julai 2006 aligunduliwa kuwa na saratani ya kizazi, akatibiwa katika hospitali ya rufaa mjini Moshi, akapata nafuu kidogo mwezi Oktoba, akazidiwa baada ya Mwaka Mpya. Siku mbili kabla hajafariki aliniuliza kama lile koti la Krismasi bado ninalo, nikasema ninalo, akasema nilivae siku ya kumzika, halafu akaomba maji. Loo, laiti angenitukana. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Februari 2007, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa muuguzi Bernadetha aliyemgeuza kitandani kama mama yake mzazi, inawashukuru majirani wa Samanga mliopika, mliokata majani na kulala nasi siku zote tano, inawashukuru walimu wenzake na watoto wa shule mlioimba tangu asubuhi. Chuo nacho jana kilinipa sentensi ya kuingiza mahali hapa pa shukrani, isemayo kwamba kwa huruma ya Kikristo Seneti imemtunuku marehemu shahada ya heshima, na cheti kimo ndani ya bahasha ile mliyomwona nayo Makamu Mkuu wa Chuo. Ndugu zangu, huruma ya nini? Huruma anapewa aliyeshindwa, na dada yangu hakushindwa somo hata moja, hakuchelewa hata siku moja, alikuwa na muda mpaka Septemba mwaka huu, aliyechelewa ni mimi.

Kwa hiyo cheti hicho tunakirudisha, kwa heshima zote. Na barua hii ndiyo yenyewe, imekunjika na kuoza pembeni, lakini tarehe inasomeka na saini yake inasomeka, namwomba Makamu Mkuu asimame, aipokee hapa mbele ya jeneza, aandike juu yake kwamba imepokelewa leo tarehe 14 Februari 2007, kisha arudi akahesabu upya, na jina langu nalo alipeleke Seneti. Antoni, mstari ule uache mtupu, tutakuita wakishahesabu.

Dada, ile barua nimeifikisha. Amani uliyoninunulia kwa kunyamaza nakurudishia, uipumzikie wewe.